Cherehani Bila Uzi

Kaka yangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza, nilimvuta kaka jikoni nikamwambia, "Huyu umemtoa wapi? Mbona haongei?" Kaka akacheka. Akasema anaongea sana, ila kwa ndani. Nikamjibu kwamba ufunguo wa huko ndani mimi sina. Kugeuka, mgeni mwenyewe yuko mlangoni na bakuli alilolitoa mezani, na amesikia kila kitu. Akaliweka bakuli kwenye beseni taratibu, akasema, "Utachongwa," akarudi kukaa. Sikumsikia tena mpaka wakati wa kuaga. Lakini neno lile moja lilinitosha, nikajua nimepata wifi.

Wifi yangu ni fundi wa mapazia. Nguo za watu hashoni hata umbembeleze vipi. Anasema nguo ina mwili ndani yake, na mwili hubadilika na kulalamika, lakini dirisha likishapimwa limepimwa. Mtaani wanamwita Pazia. Anakaa ghorofa ya pili, mlango wa mwisho wa korido, na sebule yake ndiyo karakana. Amefunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake yananing'inia mapazia yanayosubiri wenyewe: mazito ya sebuleni, mepesi ya chumbani, ya buluu, ya maua. Ukitaka kwenda jikoni unapenya katikati ya madirisha ya watu. La kwake mwenyewe wakati huo lilikuwa halina hata kitambaa. Nikimuuliza alikuwa ananijibu kwamba mganga hajigangi.

Anacholetewa ni vipimo tu, upana na urefu. Yaliyobaki anayaota. Nimekaa naye mchana mara nyingi, yeye anakanyaga cherehani, mimi nakunywa chai yake, mara anaanza kusema kwa sauti ya mtu aliyesinzia: "Hili ni jembamba na refu. Liko kwenye ngazi. Kuna mtu hupita hapo kila asubuhi akasimama kidogo, halafu akasahau alikuwa anaenda kufanya nini." Kisha ananyamaza. Nami na midomo yangu hii yote najikuta nimetulia, namngojea mtu wa kwenye ngazi akumbuke.

Akapata mtoto. Hata siku hiyo ya uchungu hakumwita mtu. Kaka alikuwa safarini, mimi niko mtaa wa pili tu, lakini alishuka ngazi peke yake, akaenda hospitali peke yake, na simu aliyonipigia ilianza na "Hujambo, wifi?" Nikasema sijambo, habari za huko? Akasema, "Nzuri. Nimejifungua." Nililia kwa furaha na nikamgombeza kwa pumzi moja. Kumwomba mtu msaada kwake ni kazi ngumu kuliko kuzaa, na mwaka ule nilipata ushahidi.

Mtoto alikuwa binti, mwenye macho ya mkaguzi. Kaka alirudi, akambeba, akampiga picha kwa kila mkao, halafu kazi ikamwita. Yeye ni fundi wa minara ya simu, na minara haioti karibu na nyumbani. Alipiga simu kila siku, sikatai. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, na simu haibadilishi nepi.

Binti yetu alikikataa kitanda. Ukimlaza, analia kabla mgongo haujagusa shuka. Mama yangu alishauri kwamba aachwe alie, atazoea, maana sisi alitulea hivyo. Nadhani ndiko nilikoipata sauti yangu. Wifi hakubishana na mama mkwe wake. Alikata kipande kirefu cha bitana, kile kitambaa kinachoshonwa nyuma ya pazia kuzuia jua, akapinda kingo zote, ikawa mbeleko. Akamfunga mtoto mgongoni, akakaa kwenye cherehani. Miguu ikakanyaga, gurudumu likazunguka, mgongo ukayumba kidogo mbele na nyuma. Mtoto akaegemeza shavu, akalala. Ukibebwa, bebeka, wanasema, na huyu alibebeka hasa.

Tatizo lilikuja mashine iliposimama. Ikisimama tu, macho yale ya mkaguzi yanafunguka. Basi wifi akashona. Akamaliza mapazia ya wateja wote kabla ya siku zao, akashona foronya, akashona matambara ya jikoni, mpaka kikakosekana kitambaa cha kushona. Siku moja mchana nilimkuta anakanyaga kwa bidii huku mkononi ana kipande cha bitana nyeusi anachokizungusha chini ya sindano, kinaenda kinarudi. Nikainama kutazama mshono. Hapakuwa na mshono.

"Wifi, mbona hujatia uzi?"

"Uzi wa nini? Simshonei mtu. Namlaza mtoto."

Aliniambia baadaye kwamba siku zile hakuwa macho wala hakuwa usingizini. Cherehani ikinguruma, madirisha yote aliyowahi kuyashonea yalifunguka mbele yake kwenye ukuta mmoja mrefu, naye anatembea kando yake na mtoto mgongoni. Ndani watu wanakula, wanachana nywele, wanacheka. Wengine wanampungia mkono. Anaona midomo yao ikisema naye lakini hasikii kitu, ila ule mngurumo tu. Ilikuwa ndoto nzuri, alisema, mpaka alipogundua kwamba ndiyo watu pekee anaoonana nao.

Halafu ukuta ukaanza kugongwa.

Nyuma ya cherehani kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna nyumba ya jirani aliyehamia siku si nyingi, ambaye wifi hakuwa amemwona hata kisigino. Mchana mmoja alipumzisha miguu. Palepale, ko, ko, ko. Akaganda. Kwa mtu kama yeye hilo halikuhitaji mkalimani: jirani amevumilia kelele mpaka imesimama, sasa anaonya isianze tena. Mimi ningegonga ukuta huohuo mara mbili zaidi, tujuane. Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Lakini wifi ni wifi. Alikunja blanketi akaliweka chini ya miguu ya cherehani ili kupunguza mngurumo.

Kesho yake kugonga kukazidi.

Akasogeza mashine katikati ya chumba, mbali na ukuta. Kukazidi tena, safari hii kwa ngumi. Akawa anakanyaga polepole, kwa kuibia, na mtoto naye hadanganyiki. Akawa halali vizuri, na mama yake halali kabisa. Akaacha kutoka nje asije akakutana na jirani kwenye ngazi. Akaacha kupokea kazi. Nikienda kumwona anafungua mlango kwa ufa, anachungulia korido kwanza, ndipo ananivuta ndani. Macho yalikuwa yamemwingia. Siku moja aliniambia, "Wifi, nimesahau sauti yangu. Nilitaka kumwimbia mtoto, nikasikia kama kuna mtu mwingine chumbani." Niliogopa, nasema kweli. Nilimwambia nitakwenda kusema na huyo jirani, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akaniapisha nisiende.

Mwishowe kaka akanipigia. Wifi ameamua kurudi kwao, kwa wazazi wake, na cherehani nikae nayo mimi. Hataki tena kushona. Kaka sauti ilikuwa inamtetemeka, na yule mtu hupanda minara. Akasema, "Nenda tu kaichukue, dada. Nikimkatalia nitampoteza kabisa."

Nilikwenda na mchukuzi na mkokoteni wake. Asiye na mwana aeleke jiwe, walisema wahenga. Mimi sina mwana, na siku ile nilieleka cherehani. Chuma kile kizito! Mchukuzi alishika kichwa, mimi nikashika miguu, tukashuka ngazi tukisimama kila baada ya hatua chache, yeye akiuliza kama ndani tumeficha mtu. Tulipoipakia, nikarudi juu kuchukua sanduku la wifi. Alikuwa amekaa kwenye kiti kilichobaki peke yake, mtoto mgongoni analia, na miguu yake inakanyaga sakafu pasipo kitu. Nadhani hakuwa na habari kwamba anakanyaga.

Ko, ko, ko, ukuta.

Hapo kiapo kikanitoka. Nilikwenda mlango wa jirani na maneno yamenijaa mdomoni, nimeyapanga kuanzia makali mpaka makali zaidi, nikaugonga kwa kiganja kizima. Mlango ukafunguka kabla sijashusha mkono. Alikuwa mwanamke wa rika la wifi yangu, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, blauzi imegeuzwa ndani nje, na mkononi kitoto cha kiume kinalia mpaka kimekuwa chekundu masikio. Akanitazama machozi yakimlengalenga, akaniwahi.

"Imeharibika? Tafadhali niambie haijaharibika."

"Nini?"

"Cherehani!"

Nikaushusha mkono.

Ikamtoka yote palepale mlangoni. Mwanawe hakulala tangu azaliwe, mpaka walipohamia hapa na cherehani ya upande wa pili ikaanza kunguruma. Ikilia, mtoto analala. Ikisimama, anaamka. Mume wake huondoka alfajiri, hurudi giza limeingia. Kutwa nzima yupo yeye na mtoto na ule ukuta. Alikuwa amelala ubavu, mtoto juu ya mkono mmoja, akiinuka tu analia, kwa hiyo aligonga kwa mkono uliobaki: endelea, jirani, usiache. Halafu mngurumo ukawa unafifia siku hadi siku. "Nikafikiri mashine imechakaa," akasema, "au mwenyewe ameudhika nami. Watu walishaniambia huyo hasalimii mtu. Nikaogopa kuja."

Yeye anaogopa upande huu, mwenzake anaogopa upande ule, na ukuta wenyewe unene wake ni tofali moja. Nilimshika mkono nikamburuta mpaka kwa wifi, simwambii kitu. Wifi alipomwona mlangoni alirudi nyuma mpaka akajifunika na pazia la mteja.

"Toka humo," nikamwambia. "Jirani amekuja kudai kelele zake."

Nikaeleza. Watoto wote wawili wanalia, kwa hiyo nilieleza kwa kupayuka, na wifi alisikiliza huku pazia linashuka kidogokidogo kutoka usoni pake. Nilipomaliza alitoka nyuma ya pazia. Alimtazama yule mtoto wa kiume, akatazama mikono ya mama yake inavyomng'ang'ania, akauliza, "Unambeba mikononi tu? Kutwa?"

"Sijui kufunga," yule akasema. "Mama yangu hayupo. Hakuna aliyenionyesha. Nilijaribu mbele ya kioo, nikaona nitamwangusha."

Wifi akavuta kipande cha bitana kutoka kwenye rundo, akakinyoosha kwa nguvu, twa, kupima kama kitahimili. Kisha akaongea. Namjua tangu alipoingia ukoo wetu, sijawahi kumsikia akiongea namna ile. "Inama. Zaidi, mgongo uwe meza. Usiogope, nimemshika. Sasa namlaza, kichwa kati ya mabega yako, miguu ikumbatie kiuno. Kitambaa kianzie chini, kishike makalio kwanza, hapo ndipo uzito ulipo. Vuta upande huu juu ya bega. Huu upite chini ya kwapa. Kaza. Kaza, dada, hakiwezi kukatika. Funga kifuani. Haya, inuka polepole. Jirushe kidogo akae sawasawa. Unamsikia?"

Jirani aliinuka. Mikono yake miwili ilibaki imening'inia mbele, mitupu, akaitazama kana kwamba amerudishiwa.

"Namsikia anavyopumua," akasema, na machozi yakaporomoka.

Sasa cherehani iko wapi? Iko chini mtaani kwenye mkokoteni. Watoto bado wanalia. Tukateremka sote kuifuata, mimi mbele, wao wawili nyuma na mizigo yao mgongoni, hatua kwa hatua. Tulipofika chini nikageuka kuwaambia washike huku na huku, nikakuta kimya. Vichwa viwili vidogo vimelala, kimoja kimeachia ute kwenye bega la mama yake. Wifi na jirani walitazamana. Hakuna aliyethubutu kusimama. Wakaupita mkokoteni, wakampita mchukuzi, wakaendelea, wakikata kona ya duka la vyombo bega kwa bega, wakiyumba kwa mwendo mmoja.

"Na huu mzigo?" mchukuzi akaniuliza.

"Unarudi juu," nikamwambia.

Sitarudia aliyoyasema.

Yule jirani kazi yake ni kupokea simu kwenye ofisi ya maji. Kutwa anasema na watu waliokatikiwa maji, na wote wamekasirika, naye huwatuliza wote. Alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Anapenda kusema kuliko mimi, ndiyo nimekiri, na hata mlango akiufungua huanza na "Halo," basi nikampa jina hilo na limemganda. Ikawa kila mchana kazi ikipungua, Halo anagonga ukuta mara moja, wifi anakata uzi, wanakutana kwenye korido, kila mmoja anamwinamia mwenzake apandishiwe mtoto, na wanatoka. Walizunguka mtaa ule mpaka muuza magazeti akadhani wametumwa kumpeleleza. Halo anasema, wifi anasikiliza. Baadaye wifi naye akaanza. Alimwonyesha Halo madirisha aliyoyashonea, la nyumba ile, la nyumba hii, na akamsimulia watu aliowaota ndani yake. Halo akawa anaongeza chumvi. Yule mtu wa kwenye ngazi walimkumbusha alichosahau: alikuwa anaenda kuzima jiko.

Ni Halo aliyekiona kile kipande cha bitana nyeusi, kile kilichopita chini ya sindano isiyo na uzi siku zote zile. Alitaka kukichukua kiwe mbeleko ya pili.

"Hicho kitachanika," wifi akamwambia. "Kimetobolewa chote."

Halo akakiinua dirishani akitazame. Jua la mchana likapita kwenye matundu yote kwa pamoja, na ukuta mzima, ukuta ule uliokuwa ukigongwa, ukajaa nukta za mwanga zinazotembea. Watoto wote wawili walinyamaza. Halo hakukishusha mpaka mikono ilipomchoka, ndipo wifi akatafuta misumari. Kwa hiyo lile dirisha siku hizi lina pazia, baya kweli, na wateja wakiuliza bei yake wifi anasema haliuzwi.

Yaliyofuata sikuyaona, nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa urefu wake.

Kulitokea siku wifi akapata homa. Si ya kutisha, ila ilimlaza. Alikuwa amelivuta godoro sebuleni, amelala ubavu chini ya ukuta, mtoto kando yake analia, na hana nguvu ya kumfunga mgongoni wala ya kukanyaga. Upande wa pili Halo aliona kimya, akagonga kwa utani, kama wanavyotaniana: ko, ko, ko, vipi leo, fundi? Wifi alisikia. Angeweza kunyamaza, maana ndivyo alivyoishi tangu utotoni. Aliinua mkono, na aliniambia baadaye ulikuwa mzito kupita ile cherehani, akagonga ukuta. Mara moja. Akaona haitoshi, akagonga tena, na tena, kwa nguvu.

Halo aliingia mwanawe akiwa mgongoni. Kwa mara ya kwanza hakusema halo. Alimwokota mtoto wa wifi, akamfunga mbele kwa mbeleko ya wifi, vizuri, makalio kwanza, kama alivyofundishwa. Kushona hajui, hata kifungo kinamshinda. Lakini siku ile mashine haikuwa na uzi, na kumlaza mtoto hakuhitaji uzi. Akakaa, akaweka miguu, akaanza kukanyaga, na nukta za mwanga zikawa zinatembea ukutani. Mtoto wa mbele akalala. Wa nyuma akalala. Kisha wifi yangu, aliyekuwa amemlaza kila mtu mle ndani na nyuma ya ukuta, naye akalala.